Namna ya Kuanzisha Klabu ya Michezo ya Watoto Katika Mtaa wa Makabila Mengi: Mwongozo Kamili kwa Wazazi na Wanaojitolea

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu au kijana anayetaka kukusanya watoto wa mtaa wake mara moja kwa wiki wacheze chini ya uangalizi wa watu wazima, hasa pale ambapo majirani wametoka makabila mbalimbali na hawajaaminiana vya kutosha. Mfano nitakaoutumia ni Nakuru, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kwa sababu ndio mji ninaoujua. Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Waturkana na wengineo wamepanga nyumba humo ukuta kwa ukuta tangu enzi za reli na mashamba ya walowezi. Mwishoni mwa Januari 2008, vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika mjini, na familia nyingi zikahama mitaa kama Kaptembwo na Rhonda zikatafuta usalama karibu na wenzao wa lugha moja. Nchini kote waliuawa watu zaidi ya 1,100 na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Watoto wa leo wenye miaka minane au kumi hawakuwa wamezaliwa, lakini wanaishi ndani ya mipaka iliyowekwa siku zile, na njia wasizopita wamefundishwa na wakubwa bila maelezo yoyote.

Kabla ya hatua yoyote, naomba msomaji alishike jambo moja. Watoto wa makabila tofauti wanaweza kuwa katika uwanja mmoja kila wiki kwa mwaka mzima bila kuchanganyika hata kidogo. Nimeliona kwa macho yangu. Mwaka wa kwanza wa klabu tuliyoianzisha, tuligawa timu kwa ploti wanazokaa watoto, kwa kuwa ilionekana rahisi kwao kufanya mazoezi pamoja katikati ya wiki. Kumbe ploti zenyewe zilikuwa zimejitenga kwa lugha, na kufikia wiki ya tatu timu zilikuwa zikiitwa kwa majina ya makabila midomoni mwa watoto, ingawa sisi tulikuwa tumezipa majina ya ndege wa ziwani. Lile lilikuwa kosa letu sisi watu wazima.

Mwaka 1954 mtafiti Muzafer Sherif aliwachukua wavulana 22 wa umri wa miaka 11 hivi, wote wa asili moja na dini moja, akawagawa makundi mawili katika kambi ya likizo huko Oklahoma, Marekani, kisha akayashindanisha. Muda si muda walikuwa wakitukanana na kuvamiana mabandani. Kuwakutanisha kwenye chakula hakukusaidia, bali kulizidisha ugomvi. Kilichowapatanisha ni shida zilizohitaji mikono ya wote, kama maji ya kambi yalipokatika na lori la chakula lilipokataa kuwaka. Leo hakuna mtu mwenye dhamiri ambaye angewafanyia watoto jaribio kama lile, lakini funzo lake ndilo msingi wa mwongozo huu: mtoto humkubali mwenzake anapomhitaji ili jambo wanalolipenda wote wawili lifanikiwe.

Hatua ya kwanza: watu wazima

Tafuta wasimamizi wasiopungua wanne, wanaume na wanawake, kutoka angalau jamii tatu za mtaa huo, na kadiria mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi. Usikubali wasimamizi wote watoke kanisa moja au ukoo mmoja, hata kama ndio walio tayari zaidi, kwa maana wazazi huwatazama wasimamizi kabla ya kuutazama mchezo. Mama wa Kikalenjin akiona makocha wote ni Wakikuyu, au baba wa Kijaluo akiona kinyume chake, klabu itakuwa imekwisha kupewa kabila kabla ya mpira kupigwa.

Kila msimamizi, pamoja na wewe mwenyewe, apate cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho huombwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa ada ya shilingi 1,050. Wekeni kanuni isiyovunjwa kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, iwe chooni, stoo au njiani kurudi nyumbani. Viboko na adhabu za kudhalilisha hazina nafasi. Nambari ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ambayo hupigwa bila malipo, iandikwe mahali watoto wanapoweza kuisoma wenyewe.

Kisha jisajilini. Chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022, kundi lenye wanachama kumi au zaidi linaweza kusajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii. Mpelekeeni taarifa chifu na wazee wa Nyumba Kumi kabla hamjaanza, kwa sababu mkusanyiko wa watoto wasiojulikana wanafanya nini huzaa uvumi upesi.

Hatua ya pili: uwanja, siku na saa

Uwanja wa shule ya msingi ya umma ndio bora, kwa kuwa hauhesabiwi kuwa wa mtu wala wa dhehebu. Hata hivyo, tembea kwa miguu kila njia inayoelekea hapo. Ikiwa watoto wa upande mmoja wanalazimika kupita mahali wanapoogopa, panga msimamizi wa kuwakusanya na kuwarudisha, la sivyo utawapoteza hao kwanza.

Siku ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Klabu nyingi huchagua Jumamosi kwa mazoea, na kwa kufanya hivyo huwafungia nje watoto wa Wasabato, ambao katika mitaa yetu wengi ni Wakisii na Wajaluo. Hakuna aliyekusudia kuwabagua, lakini mwisho wa mwaka kuna jamii nzima isiyo na mtoto uwanjani. Jumapili asubuhi huwafungia nje Wakristo wengine, na Ijumaa adhuhuri Waislamu. Sisi tulikaa kwenye Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na nusu, ambapo ibada nyingi zimekwisha na kuna mwanga wa kutosha wa kurudi nyumbani. Mwezi wa Ramadhani punguzeni michezo ya kukimbia, na uji ugawiwe kwa namna isiyomfanya anayefunga akae akiwatazama wenzake.

Hatua ya tatu: kuandikisha

Usibandike tangazo ukangoja. Wasimamizi wawili wa lugha tofauti waende nyumba kwa nyumba pamoja, kwani kuonekana kwao mlangoni ni maelezo tosha ya klabu ni ya namna gani. Fomu iwe ya ukurasa mmoja: jina la mtoto, umri, shule, simu za watu wazima wawili, maradhi au mzio, na anayeruhusiwa kumchukua. Ongeza swali hili: “Nyumbani mnazungumza lugha gani?” Usiulize kabila. Lugha inatosha kwa kazi ya kupanga timu, haimtishi mzazi, na inawapa nafasi watoto wa ndoa za mchanganyiko, ambao ni wengi Nakuru, kujibu kwa ukweli kwamba nyumbani huzungumzwa lugha mbili au Kiswahili pekee.

Fomu hizo zifungiwe kabatini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hairuhusu taarifa za mtoto zishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na hilo ni pamoja na picha mnazotamani kuzisambaza kwenye makundi ya simu.

Anzeni na watoto 32 wa miaka minane hadi kumi na mitatu, nusu yao wasichana. Nusu hiyo haitajileta. Jumapili mchana wasichana wengi huachiwa vyombo, maji na wadogo wao, kwa hiyo ongea na mama ana kwa ana kuhusu saa mbili na nusu hizo, na pale inapobidi mruhusu msichana aje na mdogo wake, akaangaliwe kwenye mkeka kando ya uwanja. Hakikisheni pia kuna choo chenye mlango unaofungika na maji ya kunawa.

Hatua ya nne: kugawa timu

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Timu zipangwe na wasimamizi, mezani, watoto wakiwa hawapo, na zisomwe siku ya kwanza kama jambo lililokwisha amuliwa. Ukiwaacha manahodha wateue wachezaji mmoja mmoja, kama tulivyozoea sote utotoni, kila mmoja ataanza na anaowajua, na mtoto wa mwisho kuteuliwa atakuwa mgeni wa mtaa.

Kwa watoto 32, pangeni timu nne za watoto wanane, mkichanganya kwanza shule, kisha sehemu wanazokaa, kisha lugha, wasichana na wavulana wakiwa sawa. Pasiwe na lugha inayozungumzwa nyumbani na zaidi ya nusu ya timu, maana wakiwa watano kati ya wanane, mazungumzo yote yatahamia huko na wale watatu watabaki watazamaji. Lakini msimwache mtoto yeyote akiwa peke yake wa lugha yake. Niliamini zamani kwamba mchanganyiko kamili ni kila mtoto kutoka kabila lake, mpaka nilipomwona mvulana mmoja wa Kiturkana akigeuzwa kuwa mjibu maswali kuhusu ngamia na jangwa, ilhali alizaliwa Nakuru na hakuwahi kumwona ngamia. Wakiwa wawili, mzigo huo hupungua, na kila mmoja hupata nafasi ya kuwa yeye mwenyewe.

Timu zidumu kwa muhula mzima. Urafiki wa watoto hauoti kwa wiki mbili, na timu zinazobadilishwa kila Jumapili huwarudisha watoto kwa wale waliokuja nao. Muhula ukiisha, pangeni upya, lakini waacheni wawili wawili waliopatana waende pamoja.

Pointi za ligi zisitokane na mabao pekee. Shirika la michezo la vijana la Mathare jijini Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1987, lilizipa timu pointi kwa kusafisha mtaa, na pointi hizo zikaingia kwenye jedwali moja na za ushindi. Igeni hilo. Timu ipate pointi kwa kufika yote kwa wakati, kwa kushona mpira uliopasuka, kwa kufyeka uwanja, na kwa kila mchezaji kugusa mpira kabla bao halijahesabiwa. Kwa namna hiyo mtoto asiye hodari wa kukimbia ana kitu cha kuichangia timu, na wenzake wana sababu ya kumpitia nyumbani asichelewe.

Hatua ya tano: kipindi chenyewe

Dakika 20 za kwanza ni za michezo ya kati, kamba, tapo (kukimbizana na kugusana) na bladda (kuruka mpira ulionyooshwa), ambayo watoto wa Kenya huicheza karibu kila mtaa na ambayo haina mwenyewe. Katika kati, ambapo wawili hurusha mpira wa soksi kutoka pande mbili na walio katikati hukwepa, sisi huhesabu mikwepo kwa lugha tofauti kila wiki. Jumapili hii ni Kikuyu: imwe, igiri, ithatu. Ijayo ni Kijaluo: achiel, ariyo, adek. Inayofuata ni Kikalenjin: agenge, aeng', somok. Anayefundisha kuhesabu ni mtoto mwenye lugha hiyo, naye kwa dakika hizo chache ndiye mwalimu wa wenzake. Kiswahili kiwe lugha ya maelekezo, ili pasiwe na anayeachwa nje, lakini lugha za nyumbani zisipigwe marufuku. Wengi wetu tulivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama shuleni, na mtoto anayefundishwa kuionea haya lugha yake hatajifunza kuiheshimu ya jirani.

Kisha mpira, kwa dakika 50, katika sehemu tatu. Katika jiji la Medellín, nchini Kolombia, baada ya mwanasoka Andrés Escobar kuuawa mwaka 1994, vijana wa mitaa yenye uhasama walianzishiwa soka isiyo na refa, ambayo bao la kwanza lilipaswa kufungwa na msichana na makosa yaliamuliwa kwa mazungumzo. Utaratibu huo unafaa sana kwa watoto wetu. Dakika kumi za mwanzo timu mbili hukaa chini pamoja na kukubaliana juu ya kanuni tatu za siku hiyo. Dakika thelathini ni za kucheza. Dakika kumi za mwisho wanakaa tena, kila timu ikisema kama nyingine ilitimiza ahadi, na kuipa pointi moja hadi tatu. Msimamizi husikiliza na kulinda zamu ya kusema, lakini haamui. Wiki za kwanza watapunjana na kununiana. Vumilieni hadi wiki ya tano au ya sita, ambapo huanza kuona kwamba anayewapunja wenzake leo atapunjwa wiki ijayo.

Msikomee kwenye mpira, kwa sababu mpira huwapa nafasi wale wale wenye nguvu. Chora mashimo ya bao ardhini, uwaulize watoto mchezo huo unaitwaje kwao. Mjaluo atasema ajua, Mkikuyu atasema giuthi, aliyetoka pwani atasema bao, na kila mmoja atadai kwamba kanuni za kwao ndizo sahihi. Waache wabishane, halafu wakubaliane wacheze kwa kanuni zipi leo na zipi wiki ijayo. Sijaona zoezi linalowaonyesha watoto kwa wepesi zaidi kwamba wazee wao walicheza jambo moja kwa majina mengi. Vitendawili navyo vinafaa: mmoja atege kwa lugha yake, mwenzake wa timu atafsiri, wengine wategue.

Mwisho ni uji. Kila timu ipewe sufuria moja na vikombe vinne kwa watu wanane, ili wanywe kwa zamu wawili wawili, na kila kikombe kisuuzwe kwa maji moto kabla ya kupokezanwa. Wazazi wapokezane kuupika, na wanaopika siku moja wawe wawili kutoka pande tofauti za mtaa.

Hatua ya sita: maneno yanayoumiza

Yatatokea. Mtoto atarudia neno alilolisikia mezani kwao, na mara nyingi hajui uzito wake. Maneno kama “madoadoa” na “kwekwe”, ambayo katika nyakati za uchaguzi yametumika kuwataja majirani wa kabila jingine kama uchafu wa kuondolewa, yasimamishwe papo hapo, bila kelele. Simamisha mchezo, sema kwamba neno hilo halitumiki hapa, mwondoe msemaji kwa dakika tano, ukae naye umuulize amelisikia wapi na anadhani maana yake ni nini. Aliyetukanwa afuatwe na msimamizi mwingine wakati huo huo, kwa kuwa kosa la kawaida ni wote kumzingira mkosaji na kumsahau aliyeumizwa. Jioni hiyo wazazi wa pande zote mbili watembelewe, wasisubiri kusikia kutoka kwa watoto.

Kuna jambo moja ambalo miongozo mingi hulikwepa, nalo ni tohara. Katika likizo ya Novemba na Desemba wavulana wengi wa Kikuyu na Kikalenjin hutahiriwa, ilhali Wajaluo na Waturkana kwa desturi hawakuwa na jando. Mwezi Januari mvulana wa miaka kumi na mitatu hurudi uwanjani akiwa ameambiwa kwamba sasa ni mwanamume na kwamba hapaswi kucheza na “watoto”, na kejeli inayofuata huangukia kabila zima. Zungumzeni na wazazi wa wavulana wakubwa mwezi Oktoba, kabla ya likizo, na mkubaliane kwamba hali ya mwili wa mtoto yeyote haitajwi katika klabu. Wavulana wanaorudi wapewe wajibu wa wakubwa, kama kutunza vifaa na kuwasindikiza wadogo wa lugha zote, ili heshima yao mpya ipate kazi ya kufanya isiyokuwa kuwadharau wengine.

Hatua ya saba: kuvuka mipaka ya uwanja

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Salma Mousa, uliofanywa kaskazini mwa Iraki, ambako wachezaji Waislamu waliongezwa katika timu za soka za Wakristo waliokuwa wamefurushwa na vita. Wakristo wa timu hizo walibadilika kweli kwa wenzao wa uwanjani na kwa wachezaji Waislamu kwa jumla, hata wakaendelea kufanya mazoezi nao miezi kadhaa baadaye, lakini mabadiliko hayo yalikuwa hafifu kwa Waislamu wasiowajua, nje ya mpira. Na mimi nimeliona hilo kwa watoto: wanakumbatiana baada ya bao, kisha hawasalimiani sokoni mbele ya mama zao.

Kwa hiyo mara moja kwa mwezi kila timu itembelee nyumba ya mchezaji mmoja. Ziara iwe ya saa moja, wasimamizi wawili wakiwepo, na mwenyeji asiandae zaidi ya chai, la sivyo familia zenye uwezo mdogo zitatafuta visingizio. Watoto waonyeshwe kitu cha nyumba hiyo: mbuzi, cherehani, picha za babu. Wafundishwe kumsalimu nyanya wa nyumba kwa lugha yake. Wazazi wanaowapokea watoto wa wenzao hupata kisa cha kuwapigia simu kesho yake, na simu hiyo ina thamani kubwa kuliko mkutano wowote wa amani ukumbini.

Hatua ya nane: mwaka wa uchaguzi

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Kuanzia miezi sita kabla, fulana na kofia za kampeni zisiingie uwanjani, na msipokee mipira wala jezi kutoka kwa mwanasiasa yeyote, hata asiyeandika jina lake, kwani mtaa mzima utajua imetoka wapi. Kubalianeni mapema ni nani atasimamisha vipindi hali ikichafuka na vitarejea lini. Wasimamizi wawe na orodha ya wazazi wawili kwa kila sehemu ya mtaa watakaopigiana simu kuuliza ukweli wa uvumi kabla ya kuusambaza. Vipindi virejee mapema iwezekanavyo baada ya kura, hata wakija watoto sita.

Hatua ya tisa: kupima na kukabidhi

Usiwaulize watoto kama wanayapenda makabila mengine, maana watakujibu unachotaka kusikia. Tazama nani anakaa na nani wakati wa uji usipopanga wewe. Andika kila mwezi ni watoto wangapi waliofika wakiwa wameandamana na mtu wa lugha nyingine, na ni wangapi waliacha kuja na wanatoka wapi. Idadi ya waliotoka upande mmoja ikipungua kwa wiki tatu mfululizo, msimamizi aende akabishe hodi, kwa sababu kuna kitu kimetokea ambacho hamjaambiwa.

Wanaofikisha miaka kumi na minne wasiachwe waondoke. Wateueni wawili wawili wa lugha tofauti wawe makocha wasaidizi wa timu moja, na funguo za kabati la vifaa zigawanywe: mmoja ashike ya kufuli la juu, mwenzake ya kufuli la chini, ili kila Jumapili saa saba na nusu mmoja alazimike kumpitia mwingine kwao kabla mpira haujatoka.